Kisu cha Tabaka

Nilikuwa darasa la sita, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwalimu wetu wa jiografia alipotangaza kwamba kuchora miamba ubaoni kumetosha, sasa tunaenda Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini ya kuchongwa, kuishika. Darasa zima lililipuka. Mimi nilipiga kelele kuwashinda wote, kwa sababu kule nyumbani Kiogoro nilikuwa nimeshachonga viazi, sabuni ya kufulia na hata mguu wa kigoda cha mama, ambao ulinipatia viboko. Jiwe sikuwa nimelijaribu.

Tulipanda lori la ndizi, roho juu, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Tulipokaribia, mwalimu akatugawa. Wavulana wangechonga, na sisi wasichana tungesugua kwa msasa na maji, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo watu wa Tabaka: mwanamume kisu, mwanamke beseni. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Nilikuja kwa ajili ya kisu, si kwa ajili ya beseni!

Machimboni, mawe yalitolewa shimoni yakiwa na unyevu, meupe, mengine yana michirizi ya waridi. Kila mvulana akapewa lake. Mimi nikaokota kipande kilichodondoka, nikakizamisha kwenye beseni langu, chini kabisa ya maji yaliyokuwa tayari meupe, wanawake wa pale wameyasugulia mawe, nikafyata ulimi.

Wavulana, mabingwa wetu, wakayaweka mawe yao juani, wakakimbilia ndizi na kuwatazama wachimbaji. Waliporudi, visu vikateleza tu. Mmoja alisukuma kwa hasira, jiwe likapasuka vipande viwili.

"Hii jiwe ikikauka inakuwa na kiburi," akasema fundi mmoja wa pale aliyepewa kazi ya kutufundisha. "Nani aliwaambia muanike kama mahindi?"

Nikatumbukiza mkono kwenye beseni na kutoa langu.

"Wewe! Hiyo umetoa wapi?" mwalimu akafoka.

"Nilificha, mwalimu."

Fundi akalipokea, akalikwaruza kwa ukucha. Alama ikabaki.

"Mwalimu, huyu ameweka jiwe vile sisi tunaweka. Apewe kisu."

"Lakini alikuwa anaficha tu!"

"Hata kama. Jiwe haijui."

Mwalimu akanitazama, akawatazama wavulana. Kisha akamwendea yule aliyepasua lake, akachukua kisu chake na kunikabidhi.

Nilipokata mara ya kwanza, likabanduka ganda jembamba, laini kama la kiazi kilichochemshwa. Nikacheka kwa sauti, peke yangu. Nikachonga bakuli, nikasahau njaa, nikasahau mwalimu, unga mweupe ukanijaa hadi kwenye kope. Bakuli lenyewe lilikuwa limeinama upande mmoja, nami niliona hakuna duniani lililolishinda kwa uzuri.

Nilipoinua kichwa, wasichana wenzangu walikuwa wameacha msasa. Walikuwa wamejipanga mstari nyuma yangu, kila mmoja na jiwe linalochuruzika maji, wakingoja kisu.