Vidonge vya Dunia

Marsiana alikuwa muuza dagaa wa Bangwe, kando ya ziwa, mwanamke wa sauti nzito, mtoto wa watu waliovuka ziwa zamani kutoka Kongo. Mumewe alikufa maji, akamwachia binti mmoja, Dunia, mwenye kifafa. Daktari alikwisha kumwandikia Dunia vidonge vya kumeza kila siku, na alipovimeza hakuanguka. Lakini mwaka wa themanini na tatu vidonge viliadimika. Kila Marsiana alipokwenda zahanati, mganga Anatoli alimwambia neno lile lile.

"Matibabu ni bure, mama. Ila dawa hakuna."

"Sasa hicho cha bure ni kipi?"

Wiki ile ile Dunia aliangukia jikoni, mkono ukaungua hadi kwenye kiwiko.

Marsiana hakulia. Alifunga magunia yake yote ya dagaa, ndiyo mtaji wenyewe, akamwomba binamu yake Assani, mwenye mtumbwi wa mashine, ampeleke Bujumbura. Huko dagaa zikauzwa, na mwenye duka la dawa akasoma cheti cha daktari, akampa kopo zima la vidonge.

Waliporudi, mgambo walikuwa ufukweni. Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, hata mche wa sabuni ulimpeleka mtu mahabusu. Mkubwa wao, Gervasi, jirani yake Marsiana, alilichukua kopo.

"Haya ni magendo, dada."

"Dunia unamjua, Gervasi. Ulimbeba wewe mwenyewe alipoanguka sokoni."

"Namjua. Lakini nimetumwa. Shukuru sikuweki ndani."

Kesho yake Marsiana akasikia kwamba dawa imekabidhiwa zahanati, iwe mali ya wananchi. Alimshika Dunia mkono usioungua, wakaenda.

"Leo usiniambie haipo, Anatoli. Kopo lile nimelipakata mimi kutoka Burundi."

"Ipo, mama. Ila wagonjwa ni wengi." Akaonyesha benchi. Habari ilikuwa imeenea. Mzee Nikodemu alikuwa ametembea kutoka kijiji cha Kidahwe na mwanawe mtu mzima, ambaye paji lake la uso lilijaa makovu ya kuanguka. Pembeni yao walikaa wengine, vyeti mkononi.

Marsiana alitaka kupenyeza mkono dirishani alinyakue kopo lake. Aliwatazama wale watu akitafuta wa kumtukana, hakumpata. Mzee Nikodemu akainuka.

"Kama ni zako, mama, sisi tutarudi siku nyingine."

Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli: mzee mzima kuomba radhi kwa sababu mwanawe anaumwa.

"Kaa, mzee. Hukuninyang'anya wewe." Akamgeukia Anatoli. "Gawa. Na ugawe mbele yangu."

Fungu la Dunia lilikuwa dogo. Nje ya zahanati Marsiana aliwakusanya wote.

"Hizi zikiisha zahanati haina nyingine, labda waninyang'anye tena. Leteni mlicho nacho nikauze, nitakwenda tena Bujumbura."

Nikodemu alileta maharage, wengine mawese na dagaa. Safari hiyo Assani alitia nanga mbali na Bangwe, na vidonge viligawiwa barazani kwa Marsiana, kila mtu na cheti chake. Ndivyo walivyoishi mpaka dawa zilipoanza kupatikana tena.

Gervasi aliendelea kupita na kumsalimia. Marsiana aliendelea kuanika dagaa, amempa mgongo, hata mwaka Dunia alipoolewa.