Mafuta Juu ya Jiwe la Mama

Hasira ile haijanitoka mpaka leo, na wala sina haraka ya kuitoa.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu Nairobi, penye hadubini ya elektroni, mashine kubwa inayoonyesha vitu visivyoonekana kwa macho. Siku moja, nyumbani kwetu karibu na Mutomo, huko Kitui, mlio mkubwa ulisikika mchana kweupe, na jiwe jeusi likakutwa zizini limeua mbuzi wawili wa baba mdogo. Mama alikuwa mjane, na baba mdogo alikuwa akilimezea mate shamba lake tangu mazishi. Basi akapata sababu: huyu ni mchawi, ndiye aliyelitupa jiwe, ahame. Chifu akampa mama muda mpaka baraza la mwisho wa mwezi alete ushahidi.

"Mwaitu, nipe hilo jiwe," nikamwambia mama kwa Kikamba chetu. "Mashine yetu itasema."

Kwetu humpelekei mtu wa heshima kitu kichafu. Bila kuniambia, mama alilisugua jiwe kwa jivu na sabuni, akalipaka mafuta ya ng'ombe, akalifunga kwa leso mpya. Sasa, ndani ya hadubini hewa yote hunyonywa, na mafuta hata kidogo huharibu kazi. Picha ikawa giza tupu, tukapoteza siku mbili tukisafisha mashine. Profesa, mgeni kutoka ng'ambo, akanifokea mbele ya wanafunzi akiuliza watu wangu ni wajinga kiasi gani.

Niliinama nikaendelea kusafisha mashine, na hilo najilaumu. Kisha nikalikata jiwe katikati, ambako mafuta ya mama hayakufika, nikaling'arisha, nikalirudisha kwenye mashine. Ikaonyesha chuma na nikeli, vimefumana kwa mistari ambayo mawe ya Kitui hayana. Limetoka angani! Profesa karibu acheze. Nikamwomba barua ya mistari mitatu kwa chifu. Akasema haiwezekani mpaka makala yake ichapishwe. Mama wa watu anafukuzwa kwake, yeye anangoja makala!

Barua niliipiga taipu mwenyewe, nikagonga muhuri wa maabara, nikatia sahihi: fundi. Chifu aliisoma barazani: jiwe lilitoka angani, halikutupwa na mtu. Baba mdogo akainama akitazama viatu vyake. Mama akabaki kwake.

Makala ilitoka baadaye, jiwe likiwa limeshaenda ng'ambo katika mkoba wa profesa. Jina la mama halimo. Kuna mstari mmoja tu unaomhusu: sampuli ilichafuliwa na wenyeji. Niliusoma nimesimama.

Nilipokwenda nyumbani mama akaniuliza, "Na mimi waliandika nini juu yangu?"

"Waliandika kwamba jiwe liliwafikia likiwa safi sana."

Akacheka kwa furaha. "Si nilijua? Mtu mkubwa hivyo utampaje kitu kina vumbi?"