Maneno Aliyoyaandika Jacomina Chini ya Picha

"Mina, hebu niambie, zile picha zilikukosea nini?"

Ndivyo Leuntje alivyomuuliza jirani yake Jacomina, Jumatatu moja ya upepo, wote wawili wakianika nguo, ua mfupi katikati yao. Alikuwa na vibanio mdomoni, na swali lilitoka kama utani. Jacomina alilirudisha kapuni shuka lililokuwa bado linachuruzika, akaingia ndani, akafunga mlango. Basi, alijua, kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia.

Jacomina alizaliwa pale pale Zeeland, pwani ya Uholanzi, nyuma ya tuta linalozuia bahari. Alikuzwa kwa zaburi na viazi, akachambua vitunguu ghalani tangu usichana, akaolewa, akalea, akafiwa na mume. Shule aliiacha mapema, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja kama ngano iliyopitiwa na upepo, na kanisani ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kadi za kuwafariji wagonjwa. Watoto wake walipoondoka nyumbani, shule ya kijiji ilimwomba aje kila Jumatano kuwasomea wadogo. Alivaa blauzi safi, akasoma huku kidole kikifuata mstari, na watoto wakatulia kama wako ibadani. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote za juma.

Siku moja Mwalimu Lisanne alimpa kitabu kikubwa cha jalada la kijani.

"Leo husomi, Mama Jacomina. Hiki hakina maneno. Wewe wafungulie tu kurasa, wao ndio watakaosimulia."

"Hakina maneno? Yaani waliokichapa walisahau?"

Mwalimu akacheka. "Hawakusahau. Ndivyo kilivyo."

Ndani mlikuwa na mzee wa koti jekundu na bata bukini, wakitembea juu ya tuta katika ukungu, ukurasa baada ya ukurasa. Jacomina alijiona kama mtu aliyekaribisha wageni akawawekea sahani tupu. Watoto nao wakasema kila kilichowajia.

"Huyo mzee mwizi," alisema Tannetje, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Kaiba bata."

"Mwizi wewe," alijibu mwenzake. "Huyo babu yako, tazama hiyo pua."

"Babu yangu hana bata. Ana baridi yabisi."

Walipokuwa bado wanacheka, Krina akasogea. Krina alikuwa binti wa mvuvi wa kome, na tangu aanze shule hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake darasani. Mama yake alisema nyumbani anaongea vizuri tu. Shuleni hata kwenda msalani aliomba kwa kidole. Sasa kidole hicho alikiweka juu ya bata.

"Mzee amepotea," alisema, polepole. "Bata ndiye anayeijua njia. Anampeleka."

Hakuna aliyecheka. Krina akafunua ukurasa, akaendelea, akafunua mwingine, mpaka kitabu kikaisha. Mwalimu Lisanne alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Jacomina alimshukuru Mungu njia nzima ya kurudi nyumbani. Na kwa furaha hiyo hiyo ndipo alipokosea. Aliwaza kwamba mtoto wa namna ile anastahili kitabu kamili, chenye kitu cha kushikilia, si picha tupu. Alikuwa amekibeba kitabu kuja nacho nyumbani. Alikaa mezani, akachukua kalamu ya kadi za wagonjwa, na chini ya kila picha akaandika kwa wino mweusi: mzee anampeleka bata wake sokoni, mzee anapita kwenye ukungu, mzee anafika sokoni. Alijua mtu humpeleka bata, bata hampeleki mtu. Alipomaliza aliupulizia wino ukauke, na alijisikia amefanya jambo jema.

Jumatano iliyofuata alikirudisha kitabu shuleni, na Krina alikitoa rafuni mwenyewe, akakaa kwenye zulia kabla ya wenzake, akakifungua. Akaona mistari. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na midomo yake ilicheza kimya, neno kwa neno.

"Tusimulie, Krina," alisema Mwalimu Lisanne.

Mtoto alimtazama mwalimu, akakitazama kitabu.

"Nilikosea," alisema. "Wanakwenda sokoni."

Akakifunga, akakirudisha mahali pake, na tangu hapo hakusema tena.

Mwalimu Lisanne alifungua kurasa mbili tatu. Hakupaza sauti. "Mwandiko mzuri," alisema. Kisha, "Lakini Mama Jacomina, sasa hadithi ni moja tu, nayo ni yako."

Laiti angegombezwa. Alikirudisha kitabu nyumbani akajaribu kuukwangua wino kwa wembe, na mahali pa ukungu pakatoboka. Jumatano nyingine alituma habari kwamba ana mafua, na hakuwa na mafua. Jumapili familia ya Krina ilikaa benchi la mbele yake. Mhubiri alipoingia sehemu ya pili ya mahubiri, Jacomina alipitisha peremende za mnanaa kama ilivyo desturi, na Krina alichukua yake bila kugeuka. Kwa Mungu alikwisha kutubu, tena kwa machozi. Lakini aliyenyamazishwa hakuwa Mungu.

Sasa, Jumatatu hii, na huyu Leuntje na vibanio vyake. Haukupita muda, akagonga mlango wa jikoni.

"Fungua, Mina. Nilikuwa natania."

"Najua."

"Basi nitilie kahawa, bibi mwandishi, nipigwe na aibu nikiwa nimekaa."

Jacomina akamtilia. Leuntje alikunywa, akaweka kikombe.

"Yule mtoto umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wewe uliyeandika. Yeye anadhani ni kitabu kilichosema. Nani abishane na kitabu?"

Uso wa Jacomina uliwaka mpaka masikioni. Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Na kulisema, na mvi zake, mbele ya watoto aliokuwa akiwaambia wakae vizuri, kulimtisha kuliko kuungama kanisani.

Jumatano alikwenda, kitabu kwapani. Hakukalia kiti cha msomaji. Alishuka kwenye zulia kwa shida, magoti yakilia, akakaa karibu na Krina na kukifungua kitabu penye tundu.

"Haya maneno niliandika mimi," alisema. "Kitabu hakikusema kitu. Na hapa nilipatoboa nikijaribu kuyafuta."

Krina aliangalia soksi zake.

"Kwani Bibi ulikuwepo?" aliuliza Tannetje. "Huko kwenye ukungu?"

"Sikuwepo."

"Sasa ulijuaje wanakwenda sokoni?"

"Sikujua. Nilidhani, nikaandika kama ninayejua. Krina ndiye aliyewatazama vizuri."

Macho ya Krina yakainuka kutoka kwenye soksi yakafika kwenye ukurasa, si mbali zaidi. Jacomina alifunika mistari yake kwa kiganja, ukabaki mzee na bata na ukungu.

"Krina," alisema, "naomba unisimulie tena, yule bata alimpeleka wapi yule mzee."