Umeona au Umeambiwa?

Enzi zetu kule Malinya, insha nzuri ilikuwa ile yenye madoido. Tulikariri mistari ya kufungulia kabla hata ya kujua tutaandika nini: jua lilichomoza kwa madaha, ndege wakaimba nyimbo za kumtukuza Muumba. Hakuna aliyejali kwamba siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walimu wengi walikupa maksi zako, ukatoka mbio kwenda kucheza blada, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, mikono ikinuka samadi, maana kila Ijumaa sisi wasichana ndio tuliosiriba sakafu za madarasa.

Kisha darasa la saba tukampata Mwalimu Shivachi, mtu mrefu, mpole, asiyependa kabisa madoido yetu yale ya kukariri. Jumatatu moja, baada ya fahali kupigana, alituambia tuandike kilichotokea uwanjani. Fahali walikuwa wa vijiji viwili, na darasa letu nalo lilikuwa la watoto wa vijiji hivyo hivyo. Kila upande ukaandika fahali wake ameshinda.

Mwalimu alitusimamisha mmoja baada ya mwingine. "Umeona au umeambiwa?" Wavulana wakakiri kwamba walikuwa nyuma ya watu wazima, wakaona vumbi na fimbo tu. Sisi wasichana hata kufika hatukufika, maana nyumbani hawakuturuhusu. Tulisikia ngoma za isukuti kwa mbali tukichambua mrenda jikoni, na bado tulieleza jinsi pembe zilivyovunjika! Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatutuma tukawaulize wenye fahali wote wawili, na waliokuwa mbele, na tuandike jina la kila aliyetujibu na mahali aliposimama. Tuliporudi tukajua ukweli ambao vijiji vyote viwili vilikuwa vimeuficha: mvua kubwa ilianza, fahali wote wakatimua mbio, kila mmoja njia yake. Tulijisikia wasomi kweli kweli.

Muhula uliofuata, shimo la dhahabu lilimfunika baba.

Baba alikuwa mkulima, ila mahindi yakishapaliliwa alishuka mashimoni pamoja na wenzake. Alikuwa akirudi jioni na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, na mfukoni hakukosa kipande cha kiazi kitamu alichotubakishia kutoka chakula chake cha mchana. Kilikuwa baridi na kimepondeka, nasi tulikigombania. Mpaka leo sijala kiazi kitamu kama kile.

Matangani kila mtu alikuwa na habari yake. Huyu alisema miti ya kuzuia kuta ilikuwa imeoza. Yule alisema baba alikatazwa kushuka akabisha. Wengine wakasema, tena bila kunong'ona, kwamba ni mama aliyemsukuma arudi shimoni siku ile na hali mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Mama alikaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa kanga, akiyasikia.

Basi mimi nikafanya nilichofundishwa. Nilizunguka kati ya waombolezaji nikiuliza: ulikuwapo? Hakuna aliyekuwapo. Wote walikuwa wameambiwa. Aliyekuwapo ni mmoja tu, Baba Mdogo, ndugu yake baba, ambaye alikuwa juu ameshika kamba. Nilipomsogelea, Kukhu, mama yao, akanidaka mkono.

"Wewe mtoto! Kifo cha mtu mkubwa hakiulizwangi na mtoto. Enda uteke maji."

Baba Mdogo hakuinua macho kutoka kwenye moto. "Mwache, mama," alisema. Kisha akaniambia, "Ukikua nitakuambia."

Nikakua. Niliolewa Likuyani, na kila Krismasi nilirudi kumsalimia. Alinichinjia kuku, tukala obusuma, ugali wetu, tukaongea juu ya mahindi, mbolea na ndoa za binamu zangu. Adabu niliyofunzwa ilinizuia kuanza, naye hakuanza. Mama alizeeka akaitwa vile vile, mwanamke aliyemsukuma mumewe shimoni, na tukamzika na jina hilo. Jambo hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe cha baba.

Mwaka huu binti yangu Khasandi, anayesoma chuo, aliambiwa aandike historia ya familia yake. Vijana wa siku hizi hawana shida. Aliketi kwenye kochi, akaiuliza simu, na kabla chai haijachemka simu ilikuwa imemwandikia kurasa nzima kuhusu migodi ya kwetu Ikolomani, pamoja na sababu za mashimo kuporomoka. Nilimwambia aache, twende kwa mwenyewe.

Tulimkuta Baba Mdogo kwenye kiti mlangoni. Kiharusi kilikuwa kimempata tangu mwaka jana, upande mmoja umelala. Khasandi aliweka simu kwenye stuli ikirekodi. Niliinama, nikamuuliza kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Baba, siku ile ilikuwaje? Ni mama kweli?"

Mdomo wake ulihangaika. Sauti ilitoka, lakini haikuwa maneno. Alinishika mkono kwa ule wake mzima, akaubana, machozi yakamtoka. Simu ilirekodi kuku, upepo kwenye mabati na pumzi zake.

Tulipofika barabarani Khasandi akanigeukia. "Mathe, sasa hapo kwa kifo cha guka niandike nini? Naweza weka ile ya simu, inaingiana."

"Andika hatujui."

"Lekchara atakata maksi."

Enzi zetu waliojua walikuwa wameketi nasi jikoni, na midomo yetu ilizibwa. Huyu wangu anaweza kumuuliza yeyote chochote, lakini waliojua wamekwisha.

"Akate," nikamwambia.