Mama Kwenye Pedali

Kila nikipita kwa fundi wa matairi, harufu ya gundi hunirudisha Mangobo, kwenye toleka, baiskeli ya kubebea abiria aliyokuwa nayo papa, baba yangu.

Asubuhi moja papa aliamka na homa kali, miguu haimbebi. Mama alimketisha kwenye kiti cha nyuma, akamfunga kiunoni kwa kikwembe chake, akaniweka mimi mbele.

"Watu watasema nini?" papa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Waseme," mama alijibu, akaanza kukanyaga kuelekea hospitali.

Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona mwanamke akiendesha toleka, tena abiria akiwa mume wake. Sokoni wauza samaki walisimama, mikono imejaa magamba. Kijana wa pikipiki alipunguza mwendo akaenda sambamba nasi.

"Papa, donc leo mama ndiye chauffeur, dereva wako?"

Papa alificha uso mgongoni mwa mama. Mimi nilipiga kengele bila kupumzika, moyo ukinidunda kwa furaha, nikitamani hospitali iwe mbali zaidi.

Muuguzi alimlaza papa, akamwekea serum, dripu ya mshipani, akatuambia tumemwahisha. Tulipotoka nje, mama akijifuta jasho, tulimkuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni akiitazama baiskeli yetu.

"Mama, unabebaka watu?"

Mama alishika usukani. Watu waliokaa kwenye benchi la hospitali walikuwa wanamtazama yeye tu.

"Panda," akasema, "lakini shika nguvu."