Dada wa Bwana Harusi

Kwanza niwataje wenye makosa, maana watu wa Kirumba wakisimulia habari hii huanza na mimi. Wa kwanza ni mama mwenye nyumba. Wa pili ni fundi. Wa tatu ni kina mama wa jumuiya ya kanisa, waliojua kila kitu wakaendelea kuimba. Majina yao siyaandiki, hawastahili wino.

Nilikuwa nimepanga chumba na sebule huko juu kwenye kilima cha mawe, mimi na binti yangu, wakati huo hajaanza hata shule. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajaota jino. Huyo nilishamaliza naye. Nilikuwa nauza dagaa sokoni Mwaloni, na bado nauza. Mwenzangu niliyekuwa nachangia naye kodi aliolewa Sengerema, sebule ikabaki wazi. Ndipo dalali akamleta fundi wa injini za mitumbwi, Mhaya, shati limenyooshwa utadhani injini anazitengeneza kwa mdomo.

Mama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa. Sheria yake ilijulikana mtaa mzima: mwanamume na mwanamke wasiooana hawalali chini ya bati lake. Ila bati likikosa mpangaji nalo lilikuwa linamuuma. Akatuangalia kwa zamu, akasema, "Nyie si ndugu nyie?"

"Ndugu wa wapi, mama?" nikamuuliza. "Mimi Msukuma wa Magu, huyu anatoka Bukoba."

"Mama mmoja, baba mbalimbali. Yapo hayo." Akamgeukia fundi. "Karibu mwanangu, karibu kwa dada yako."

Fundi akacheka, akaingiza begi lake. Hivyo ndivyo nilivyopata kaka ukubwani. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, tukaombewa kama ndugu wanaopendana. Mimi naongea Kisukuma, yeye Kihaya, hatufanani hata kucha, na hakuna aliyeuliza. Mtaani hapo hata ukinunua sabuni mpya wanauliza.

Sitasema alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ingawa ingenipendeza. Binti yangu alipopandwa na homa, fundi alimbeba mgongoni akashuka naye yale mawe mpaka zahanati, huku mimi nyuma nahema na kandambili mkononi. Alimfundisha kula senene, wale panzi wa kwao. Alimsuka nywele, vibaya, mtoto akaenda kanisani kichwa kama kiota na akafurahi. Nikalainika. Baada ya msimu mmoja wa mvua godoro lake lilihamia chumbani, na sebuleni yakabaki makochi.

"Tutakwenda Magu nikajitambulishe kwa wazee," akaniambia. "Halafu huyu mtoto ataacha kuniita mjomba."

Mimi sikutaka shela wala keki. Nilitaka neno hilo tu, mtoto amwite baba mbele za watu na mtu mzima aitike. Kila nikimkumbusha, injini fulani imeharibika Ukerewe. Ziwa lote lilikuwa linaharibikiwa injini kila ninapotaja Magu.

Miaka ikaenda hivyo. Siku moja mama mwenye nyumba alinikuta nafua, akasimama juu ya beseni langu. "Jumamosi tuna wageni. Mashangazi wa yule binti wa kwaya, wa Pasiansi, wanakuja kuona kwa kaka yako. Wazazi wenu wako mbali, kwa hiyo mimi nitakaa kama mama. Wewe dada mtu utapika."

"Kuona nini?"

"Anaoa, mwanangu! Hakukwambia?" Halafu akashusha sauti. "Usiniangushe."

Aliporudi kutoka kazini nilimuuliza fundi. Akaangalia viatu vyake. "Wazee wa nyumbani wananibana, wanataka ndoa ya kanisani, na msichana asiye na mtoto. Vumilia. Baada ya harusi tutaona."

Tutaona! Kama vile mimi ni injini ya akiba.

Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini nilipika. Nilipika kwa sababu nilitaka kumpa fundi nafasi ya kusema kweli. Nilijua shangazi yeyote mwenye akili ataulizia watoto, na nilitaka kusikia atakachojibu. Nikachagua sato wawili wakubwa, nikawaunga kwa nyanya, nikasonga ugali, nikamvalisha binti yangu gauni la Krismasi.

Mashangazi walikuja wawili, mmoja mnene wa kuongea, mmoja mwembamba wa kuangalia. Mama mwenye nyumba alijaa kwenye kochi kama aliyemzaa fundi kwa uchungu. Kina mama wa jumuiya watatu walikuja kupokea wageni, kumbe wamefuata samaki.

Yule mnene akaniita. "Wifi! Mapishi haya! Hebu tuambie sisi wanawake wenzio, kaka yako hana mtoto mahali?"

Nikamwangalia fundi. Sebule nzima ikamwangalia.

"Sina," akasema. "Huyu hapa ni wa dada."

Binti yangu alikuwa amesimama na jagi la kunawisha. Alielewa. Mtoto wa darasa la pili anaelewa.

Nikasema, "Shangazi, shikamoo tena. Mimi si dada yake. Hatujawahi kuwa ndugu hata siku moja. Ndugu alitufanya huyu mama hapa ili sebule yake isikae bure. Huyu bwana harusi wenu analala chumbani kwangu."

"Mungu wangu, dada amechanganyikiwa," fundi akasema. Alisema *dada*, nakuapia.

Yule mwembamba akainuka, akachungulia chumbani, akarudi sebuleni, akainamia nyuma ya makochi. "Baba, godoro lako wewe liko wapi?"

Mmoja wa jumuiya akaanza kuimba pambio chini chini. Mama mwenye nyumba akapaza sauti, "Wapangaji wa siku hizi! Mimi nimedanganywa!"

Nilidhani yamekwisha. Hapo ndipo nilipowajua watu. Yule mnene akavuta sahani. "Tumalize kula kwanza, samaki hana kosa." Wakamaliza. Akanawa, akasema, "Mwanamume ni mwanamume. Bora tumejua mapema. Ila huyu ahame kabla ya harusi."

Basi nikahama mimi. Uongo ulikuwa wa watatu, adhabu ikawa ya mmoja. Mama mwenye nyumba hakunifukuza kwa kulala na mwanamume chini ya bati lake. Alinifukuza kwa kusema mbele ya wageni. Harusi ilifanyika, jumuiya walishona sare, na mpaka leo wakinikuta njiani wananiuliza habari za *kaka*.

Mwaka huu fundi alikuja Mwaloni kwenye meza yangu. Tumbo limetoka, shati halijanyooshwa. Ndoa yake haijapata mtoto. Alizunguka maneno, mara ziwa, mara dagaa, mwisho akasema angependa binti aje kwake likizo, maana alimlea, maana ni kama wake.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Huyo hapo."

Binti yangu sasa ni mrefu kuliko yeye. Alikuwa anafunga mifuko.

"Hujambo mwanangu?" fundi akasema. "Mimi baba yako."

"Shikamoo, mjomba," binti akajibu, taratibu, bila chuki, akafunga mfuko mwingine. "Nikupimie kiasi gani?"

Fundi alisimama pale kama anasubiri mtu mwingine aje kujibu. Nyuma yake wateja wakaanza kusukumana. Binti akampimia kopo moja, akalisawazisha juu kwa kiganja, na ile nyongeza ya kila mteja hakumpa.