Tumbo la Kipimo

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusimama. Asubuhi alifika kwenye karakana ya kampuni ya nguo, akavua viatu, akapanda juu ya kisanduku cha mbao mbele ya kioo, na kila gauni la saizi ya kati lilipita kwanza mwilini mwake kabla halijaona duka. Jina alikuwa nalo, wazazi walimpa, ila pale kazini lilishasahaulika. Aliitwa Kipimo, hata na mkurugenzi.

Wasiojua walidhani anauza sura. Sura yake haikuwahi kutokea kwenye bango hata moja, na mwenyewe alisema afadhali, maana pua yake ingehitaji bango la peke yake. Kazi yake hasa ilikuwa kusema. "Hapa pananibana." "Kwapa hili linanikata." "Na nikitaka kuanika nguo, mkono nitaunyanyuaje?" Aliinama, akachuchumaa, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kula ndizi nzima ndani ya gauni jipya. Sharti lake lilikuwa moja, na hakuna aliyethubutu kulivunja: juu ya kisanduku, tumbo halivutwi ndani. Kama limeshiba, lionekane limeshiba.

Aliyemsikiliza ni fundi mkataji, mwanamume mwembamba aliyeitwa Chaki kwa sababu kipande cha chaki hakikumtoka sikioni hata alipokwenda msibani. Alikuwa rafiki wa mume wa Kipimo, basi akamwita Kipimo shemeji, na utani ukapata njia.

"Leo umekula nini, shemeji?" angeuliza huku akimzungushia tepu. "Nusu sentimita imeongezeka. Sijui nikate gauni au nikukate wewe."

"Punguza mdomo wako kwanza, kitambaa kitatosha."

Hivyo ndivyo magauni yalivyotoka. Wanawake waliyavaa wakakaa ndani yake kwa raha, bila kujua kwamba watu wawili waligombana asubuhi nzima kwa ajili ya kwapa.

Kisha ikaja akili mnemba. Kampuni ilinunua programu inayobuni gauni yenyewe, ikauvisha mwili ulio ndani ya kompyuta, ikatuma vipimo moja kwa moja kwenye meza ya Chaki. Kilichokosekana ni mwili wa kuiga. Mkurugenzi akasema mwili tunao. Kipimo akapewa nguo ya kubana iliyomfanya aonekane kama soseji, akaingizwa kwenye chumba chenye kamera pande zote na mafundi watatu wa kompyuta, vijana nadhifu wanaonukia vizuri. Fomu ya kukubali aliisaini juu ya kizingiti cha dirisha bila kuisoma, haraka haraka, ili yaishe. "Simama kawaida tu, mama," mmoja alimwambia kwa upole. Zikapita sekunde arobaini. Alitoka mle anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa tano.

Tangu siku ile aliitwa karakana mara mbili kwa wiki, baadaye mara mbili kwa mwezi, mwishowe akawa anakuja kunywa chai na kusalimia. Siku moja alipita na mumewe, fundi baiskeli, mbele ya bango kubwa la kampuni.

"Kiuno kile ni changu," akasema. "Kichwa sijui cha nani."

Mumewe aliegemeza baiskeli, akalitazama bango kwa makini. "Na magoti ni yako. Hayo ningeyatambua popote."

Alicheka, lakini ilimuuma. Mwili wake ulikuwa kazini na yeye yuko nyumbani.

Kisha magauni yakaanza kurudi. Vifungo vinaruka, zipu zinapasuka. Na tuseme ukweli, Kipimo aliposikia alifurahi. Alijiona tayari amepanda tena kwenye kisanduku chake. Furaha hiyo ikadumu mpaka alipojua nani anabebeshwa lawama. Kompyuta haikosei, walisema ofisini, kwa hiyo aliyekosea ni mkataji. Chaki akapewa barua ya kwenda kujieleza siku ya Alhamisi. Kila mtu alijua wanaoitwa kujieleza hutoka na vitu vyao kwenye mfuko. Chaki alifumua gauni moja mshono kwa mshono, akalilinganisha na vipimo alivyotumiwa, na hakuona kosa lake.

Jumapili mdogo wake Kipimo, mwalimu, alikuja kula chakula cha mchana akiwa amevaa moja ya magauni hayo. Alilinunua kwa kujivunia dada yake. Mlangoni lilimkaa vizuri ajabu. Mezani alikula vijiko vitatu, akasimama.

"Dada, hili gauni ukisimama kama askari ni zuri. Ukikaa tu linakukataa. Huyo waliyempima alikuwa amezuia pumzi."

Kipimo akaweka kijiko chini.

Maana ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa tumbo halikuvutwa hata siku moja mbele ya Chaki na tepu yake, lakini mbele ya vijana wale watatu wenye manukato, na yeye ni mama wa watoto watatu ndani ya nguo ya soseji, tumbo liliingia lenyewe. Aliona haya. Alizuia pumzi sekunde arobaini zote, na mashine, ambayo haijui haya ni nini, ikaamini kwamba ndivyo alivyo.

Siku nne hakulala vizuri. Akinyamaza, Chaki anaondoka. Akisema, atakuwa kichekesho cha karakana nzima, na zaidi ya hapo watampiga picha upya, safari hii sawasawa, na hapo ndipo hawatamhitaji tena maishani.

Alhamisi naye aliitwa, kwa jambo jingine. Kanuni mpya ya wizara ilitaka kila kampuni ya mavazi iliyoingiza mwili, sura au ubunifu wa mtu kwenye kompyuta ithibitishe kwamba mwenyewe alikubali akiwa anaelewa. Ofisa mwanamke wa wizara alikuwa amekaa ofisini kwa mkurugenzi na fomu mkononi. Chaki alisimama pembeni na barua yake, akingoja zamu.

"Dada, hii saini ni yako? Ulielewa kwamba unawapa mwili wako milele?"

"Saini ni yangu. Sikuisoma. Lakini kabla ya fomu kuna kosa, na kosa si la Chaki. Siku ile nilivuta tumbo."

Mkurugenzi hakuelewa, ikabidi Kipimo arudie.

"Unataka kusema magauni yote yale..."

"Yote, bosi. Yamekatiwa mwanamke anayeona haya."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, na ukimya ule ulimshinda, machozi yakamtoka. Ofisa alimsubiri, kisha akaandika kwamba fomu haifai na mwili ule utolewe kwenye kompyuta mpaka mwenyewe akubali upya. Mkurugenzi aliichukua barua mkononi mwa Chaki, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Halafu akauliza, kama Kipimo alivyojua atauliza, kama wanaweza kumpiga picha nyingine jioni hiyo hiyo.

"Pigeni," akasema Kipimo. "Ila picha haiwezi kuwaambia hapa pananibana. Kila gauni litakalobuniwa na mashine lipite kwangu kabla Chaki hajalikata. Liandikwe hilo, na safari hii nitasoma."

Mkurugenzi alisema atafikiria. Ofisa alisema yeye hana haraka, akaomba chai.

Wakati wanasubiri, wawili wale walishuka karakana. Kipimo alivua viatu, akapanda kwenye kisanduku. Chaki alimzungushia tepu kiunoni.

"Achia, shemeji."

Akaachia. Tumbo lilitoka lote, la watoto watatu na miaka arobaini na minne, na Chaki akalisoma kwenye tepu, akachukua chaki sikioni na kuandika mezani.

"Sentimita nne zaidi ya zile za kompyuta," akasema. Alitafuta utani wa kuongeza, akakosa, akaegemeza kichwa ubavuni mwa Kipimo akalia.